Hedifoni ndogo za safari: nenda ukaijaribu karibu na jenereta kwanza

Wiki hii nimeulizwa mara tatu swali lilelile, fundi nachukua hedifoni gani ya safari, iwe ndogo na iue kelele, na kila anayeuliza ameshanirushia picha ya boksi WhatsApp anataka nimwambie chukua au acha. Kwa picha sijibu. Kazi yangu ni sauti, nafunga mitambo kwenye maharusi na mikutano, siku ambazo hakuna shughuli nakaa mezani kwangu Kariakoo natengeneza hedifoni za watu, na kitu ambacho boksi haliwezi kuniambia hata liwe limeandikwaje ni kama hiyo hedifoni itaziba masikio yako.

Nianze na ENC maana hapa ndo watu wanapigwa sana. Boksi lina herufi kubwa ENC, muuzaji anakuambia hii inakata kelele zote kaka, na kweli inakata, ila inamkatia yule unayeongea naye kwenye simu. ENC inasafisha sauti ya maiki yako ili mwenzako asisikie honi za daladala, wewe masikioni unabaki na honi zako kama zilivyo. Ya kutafuta ni ANC. Nimeshapokea watu wanne watano wamekuja na mzigo wa elfu thelathini wanasema fundi hii mbovu, naifungua naikuta nzima kabisa, haikuwahi kuwa na hiyo kazi.

Sasa ANC inafanyaje. Kuna maiki ndogo nje ya kikombe, zile nzuri zinayo na nyingine ndani, zinasikiliza kelele inavyokuja halafu spika inapiga wimbi lilelile kinyume chake, la kelele likipanda hili linashuka, yakikutana yanamalizana. Wazo lenyewe la zamani, Mjerumani mmoja Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936, ila vifaa vya enzi hizo visingeweza kuifanya hiyo kazi ndani ya hedifoni. Mwaka 1978 Amar Bose alikuwa kwenye ndege anarudi Boston kutoka Zurich, akapewa hedifoni za ndani ya ndege, muziki hausikiki kwa sababu ya injini, akaanza kupiga hesabu palepale kwenye kiti, na ikachukua mpaka 1989 ndo kampuni yake ikatoa ya kwanza kuuzwa, nayo ilikuwa ya marubani.

Watu wanategemea ANC ifute kila kitu, haifuti, na sababu yake ukiielewa hutadanganywa dukani tena. Chukua zile Dash 8 Q400 za Air Tanzania, zile za pangaboi. Kila injini ina panga sita, zikiwa juu zinazunguka kama mara 850 kwa dakika, ukipiga hesabu unapata mapigo 85 kila sekunde, yaani 85 Hz, na wimbi la namna hiyo lina urefu kama wa mita 4. Wimbi refu hivyo linapanda na kushuka taratibu, hedifoni inapata muda wa kulijibu na jibu linakaa sawasawa. Sasa mtoto anayelia kiti cha nyuma, ile sehemu ya kilio inayochoma masikio iko kwenye maelfu ya Hz, kwenye 3000 Hz wimbi lina sentimita 11 tu, hapo ukichelewa kidogo au maiki ikikaa vibaya kidogo jibu linakosa shabaha. Kwa hiyo muungurumo unafutwa na umeme, kilio kinazuiwa na mpira na sponji. (Hiyo Q kwenye jina la ndege ni ya neno la Kiingereza quiet, yaani tulivu, maana ndege yenyewe ina maiki ndani na vitetemeshi kwenye bodi vinavyopambana na mtetemo wa mapanga, kazi ileile ya hedifoni ila kwa ndege nzima. Na bado ukikaa usawa wa mapanga unaisikia, mimi huwa naomba kiti cha nyuma.)

Ndo maana nasema kuziba ni jambo la kwanza, jina la kampuni baadaye. Hata ule muungurumo, hedifoni ikiwa na upenyo unapita kwenye upenyo, na besi ya muziki wako inavujia hapohapo.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja na hedifoni kubwa ya bei, orijino kabisa, analalamika kwamba akiwasha ANC haoni tofauti. Anavaa hijabu na miwani. Nikamwomba tutoke nje, duka la jirani walikuwa wamewasha jenereta, nikamwambia vaa usiweke muziki, washa, zima, washa. Akasema inapungua kidogo sana. Nikaangalia pembeni ya sikio, mkono wa miwani umeinua pedi na juu yake kitambaa kimejikunja, kidole kinapita. Nikabonyeza vikombe kwa viganja vyangu vyote viwili mpaka pedi ikakaa, akanitolea macho, akasema kaka imezima! Jenereta lilikuwa linaendelea kama kawaida. Mwisho alichukua zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, zinakaa chini ya hijabu bila shida, tukajaribu vimpira saizi zote, na kwake sikio la kushoto lilitaka kikubwa na la kulia cha kati. Hiyo ni kawaida, masikio ya mtu mmoja hayalingani, usikubali kutumia vimpira vilivyokuja vimevalishwa bila kujaribu vingine. Mwenye rasta nene naye aangalie hedifoni kubwa isimwachie upenyo kama ule wa hijabu na miwani.

Kwa hiyo ukiwa dukani fanya hivyo. Tafuta jenereta, feni kubwa, hata bajaji iliyosimama inaunguruma, vaa bila muziki, washa na uzime. Muungurumo uzame. Zile feki nyingi ukiwasha unasikia "shhh" tu inaongezeka na jenereta liko palepale. Kuna watu ANC inawapa hisia ya masikio kuziba kama ndege inapanda, ukiwa mmoja wao ni bora ulijue pale pale.

Kuhusu udogo. Ya kuchomeka inaingia mfuko wa shati, ila chaji yake ni fupi, Sony WF-1000XM5 wanasema masaa 8 ANC ikiwa imewashwa na AirPods Pro 2 masaa 6, sasa wewe unayepanda basi Dar mpaka Mwanza kilomita zaidi ya 1,100 utazirudisha kwenye kiboksi chake cha kuchajia mara mbili tatu njiani. Ya kuvaa kichwani inakaa sana, Sony WH-1000XM4 ni masaa 30, na hiyo inakunjika inakuwa kama andazi kubwa. Iliyofuata mwaka 2022, XM5, haikunjiki, inalala bapa tu na mkebe wake unakula nafasi ya begi, watu wananunua wakidhani mpya lazima iwe bora kwa safari, mpaka XM6 ya 2025 ndo wakarudisha kukunja. Bose QuietComfort 45 nayo inakunjika. AirPods Max haikunjiki na ni nzito, kwa safari siishauri kabisa.

Ukichukua ya kukunja, kunja na kukunjua mara kumi pale dukani huku unaangalia bawaba. Hapo ndo zinapokatikia, mezani kwangu kesi nyingi ni bawaba na pedi. Pedi zinabanduka kwa jasho letu hili na mafuta ya nywele, uliza kabla kama pedi za modeli hiyo zinapatikana mjini, zinabadilishwa kwa dakika tano. Hakikisha pia kuna tundu la waya, ndege nyingi za safari ndefu skrini yake bado inataka jeki. Pawabenki beba mkononi, kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi.

Na jambo ambalo linaniuma. Kijana anapanda basi la usiku, spika ya basi iko juu ya kichwa chake, anavaa vidude visivyoziba anapandisha sauti mpaka mwisho kushindana nayo usiku kucha. WHO wanasema desibeli 80 unaweza kusikiliza mpaka masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni masaa manne tu, yaani safari moja tu ya usiku inamaliza wiki yake na kuzidi. Mimi masikio ndo yananilisha, na nimefanya kazi na mafundi wakubwa kwangu ambao sasa hivi mlio wa juu hawausikii, wanamwuliza msaidizi kama spika inapiga filimbi. Ukipata inayoziba vizuri utajikuta unasikiliza kwa nusu ya sauti na maneno yote unayapata. Kama hela haitoshi ANC, nunua ya kawaida yenye vimpira vinavyoziba sawasawa, hiyo ya elfu kumi na tano inayoziba naipa kura yangu kabla ya ANC ya laki mbili inayopwaya.