Si Kila Bunduki Kuukuu Ni Gobore: Maana ya .22 ya Bolti

Hapa Mwanza, pale familia inapokaa kugawana vitu vya mzee aliyefariki, bunduki yoyote yenye kitako cha mbao na chuma kilichofifia rangi huitwa gobore. Nimelisikia jina hilo Kisesa, nimelisikia Nansio, na nimelisikia kwa watu wenye leseni ambao wangepaswa kulitumia kwa uangalifu zaidi kuliko wengine. Mara nyingi bunduki inayozungumziwa ni .22 ya bolti, chombo cha kiwandani chenye usahihi mkubwa. Kwa kuiita gobore, wenye mali huishia kuiacha ioze darini, au kuidharau kwa namna inayoweza kumuumiza mtu.

Maana yenyewe ni fupi. Bunduki ya .22 ya bolti ni bunduki ndogo yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi inapotoka. Nyuma hufunguliwa na kufungwa kwa mkono kwa kutumia bolti, yaani kipande cha chuma kinachotelezeshwa nyuma na mbele, na risasi yake ina fataki, kemikali inayowasha baruti, iliyofichwa ndani ya ukingo wa ganda badala ya kuwekwa katikati ya kitako cha ganda. Namba .22 ni kipimo cha upana kwa sehemu za inchi, karibu milimita 5.6, na kwa kinywa watu husema pointi ishirini na mbili.

Gobore ni kitu kingine tangu mwanzo wake. Hujazwa mdomoni: baruti humiminwa kwenye mtutu, ikashindiliwa kwa mdeki, kisha marisau au vipande vya chuma vikafuata. Mtutu wake kwa kawaida ni laini ndani, na moto huingia kwa njia ya fataki inayopigwa na nyundo upande wa nyuma, au kwa cheche za jiwe ikiwa ni gumegume. Hakuna ganda, hakuna bolti, na kila mlio hutegemea mkono wa aliyeijaza. Wapiganaji wengi wa Majimaji mwaka 1905 hadi 1907 waliobahatika kuwa na bunduki walishika za namna hiyo, na mafundi wa vijijini wameendelea kuzitengeneza kwa mabomba na vyuma chakavu hadi zama zetu. Kuitofautisha gobore na .22 hakuivunjii heshima gobore, kwa kuwa ina historia yake ndefu katika nchi hii.

Wengi hudhani kwamba gobore ni ya kale na .22 ni ya juzi, kwa hiyo bunduki ikionekana imechakaa vya kutosha huvuka upande wa pili na kuwa gobore. Historia haikwenda hivyo. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ya fataki ya ukingoni mwaka 1845, ikiwa ndogo na dhaifu, isiyo na baruti yoyote zaidi ya fataki yenyewe, kwa ajili ya kulenga shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa .22 fupi kwa ajili ya bastola yake ya kwanza, na mwaka 1887 ikaja .22 Long Rifle, ambayo ndiyo inayouzwa hadi leo. Bolti nayo ni ya zamani: jeshi la Prussia liliikubali bunduki ya Dreyse mwaka 1841, na Mauser ya mwaka 1871 ndiyo iliyofika huku mikononi mwa askari wa Kijerumani. Vita vilipofika Tanga mwezi Novemba 1914, makampuni mengi ya askari hao bado yalikuwa na Mauser hiyo inayotumia baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Miaka hiyohiyo gobore zilikuwa zikitumika vijijini. Vyombo hivi viwili vimeishi pamoja kwa zaidi ya karne, na umri wa bunduki peke yake hauwezi kutuambia ni ya aina gani.

Kuna kosa la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi kwa kuwa hufanywa na wanaojua kwamba bolti ipo. Wao huchukulia kuwa bolti ni bolti, na kwamba .22 ni ndugu mdogo wa bunduki za Lee-Enfield za .303 zilizobebwa na askari wa King's African Rifles. Kwa nje zinafanana, kwa sababu waundaji wa .22 waliiga umbo na mwendo wa bunduki za kijeshi. Tofauti iko kwenye risasi, na kila kitu kingine katika bunduki hizi kinafuata risasi. Katika risasi ya .303 fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, hivyo ganda linaweza kutengenezwa nene na kuhimili msukumo mkubwa. Katika .22, kemikali ya fataki huwekwa ikiwa mbichi ndani ya ganda tupu, kisha ganda likazungushwa kwa kasi hadi kemikali isambae na kuingia katika mkunjo wa ukingo. Pini ya bunduki haitoboi kitu. Inaubana ukingo huo dhidi ya chuma cha mtutu, na kemikali iliyobanwa ndiyo inayowasha baruti.

Ili ukingo uweze kubanwa, ni lazima ganda liwe jembamba, na ganda jembamba haliwezi kubeba nguvu kubwa. Ndiyo sababu risasi kubwa za ukingoni zilizotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kama zile za bunduki za Spencer na Henry, zilitoweka baadaye, huku ile ndogo kuliko zote ikibaki. Msukumo wa .22 Long Rifle ni takribani nusu ya ule wa .303, na risasi yenyewe ina uzito wa gramu 2.6 tu, ilhali ya .303 hupita gramu 11. Kuna pia mabaki mengine ya karne ya 19 ndani yake: kichwa cha risasi kina upana sawa na ganda, na ni kisigino chake chembamba tu kinachoingia ndani ya ganda. Aina nyingine karibu zote ziliuacha mtindo huo zamani. Mtu anayeshika risasi ya .22 iliyonunuliwa mwaka huu ameshika umbo la mwaka 1887, ila baruti nyeusi imebadilishwa kwa baruti isiyotoa moshi.

Udogo huu wa nguvu ndio chanzo cha mvuto wa bunduki hizi. Risasi ya madini ya risasi laini, inayosukumwa kwa nguvu ya wastani, haiuli mtutu wa chuma cha pua. Mtutu wa .22 uliotunzwa hupitisha maelfu mengi ya risasi bila mifereji yake kulika, kwa hiyo bunduki iliyotoka kiwandani kabla ya Uhuru inaweza kulenga leo karibu sawa na siku ilipotoka. Risasi za shabaha hutengenezwa makusudi ziende polepole kuliko mwendo wa sauti, karibu mita 330 kwa sekunde, ili zisitikiswe na mpito wa kutoka mwendo wa juu ya sauti kwenda chini yake. Matokeo yake ni mlio mdogo, msukumo usiosikika begani, na usahihi unaoshangaza: katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50, yanayotumia .22 Long Rifle, duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4 tu.

Ufundi wa zamani ni sehemu ya pili ya mvuto huo, na hapa naomba nisionekane ninasifu zamani kwa sababu ni zamani. Model 52, .22 ya bolti ya kampuni ya Winchester ya Marekani iliyoonyeshwa mwaka 1919 na kuendelea kutengenezwa hadi 1980, ilijengwa kwa gharama ambayo viwanda vingi vya leo visingeikubali kwa bunduki ndogo. Bolti na mwili wake vilichongwa kutoka chuma kizima, na kitako chake kilikuwa cha mbao ya mjozi. Kiwanda cha Zbrojovka Brno cha Chekoslovakia kilitoa .22 zake baada ya Vita Kuu ya Pili kwa bolti iliyofuata mtindo wa Mauser katika umbo dogo. Familia ya Anschütz ya Ujerumani, ambayo karakana yake ya bunduki ilianzishwa mwaka 1856, ilianza upya mjini Ulm baada ya vita hivyo na kutoa bolti ya Match 54 ambayo wapiga shabaha walishinda nayo kwa miongo mingi. Ukiivuta bolti ya bunduki kama hizo na kuirudisha, inateleza bila kuchezacheza na kufunga kwa uzito uleule kila mara. Mkono huutambua utofauti huo hata kabla mtu hajaelezwa.

Hata hivyo, si kila .22 ya zamani ni ya thamani. Winchester hiyohiyo ilitengeneza Model 67 kuanzia mwaka 1934 hadi 1963, bunduki ya bei rahisi ya risasi moja moja, ambayo mpigaji huvuta kitasa cha nyuma ya bolti kwa vidole ili kuiweka tayari. Ni bunduki nzuri ya kumfundishia kijana, lakini iliuzwa kwa wingi, na umri wake hauifanyi kuwa Model 52. Kutokuwa na namba ya silaha nako hakuthibitishi lolote la ajabu: bunduki nyingi za bei nafuu za Marekani zilitoka bila namba hadi sheria ya mwaka 1968 ilipoilazimisha. Mjuzi hutazama ndani ya mtutu, hutazama alama za kiwanda kama bado zinasomeka, kisha hutazama mdomo wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo ganda hukaa. Hapo mdomoni ndipo .22 za zamani huumia kwa siri. Mtu akifyatua bunduki tupu mara kwa mara kwa mchezo, pini, isiyokuta ukingo wa ganda, hugonga chuma cha chemba chenyewe na kukiachia kovu, na baada ya hapo maganda hukwama au risasi hukataa kulia.

Adui wengine ni wa kwetu kabisa. Unyevu wa ziwa huleta kutu ndani ya kabati la mbao kama ulivyoileta kwenye mabati ya Kirumba, na risasi za kabla ya miaka ya 1920 zilikuwa na fataki inayoacha chumvi mtutuni, chumvi ambayo huvuta unyevu hata pale bunduki inapoonekana safi. Wako pia wanaosafisha kwa kuingiza ufito kupitia mdomoni na kuula mwisho wa mifereji, sehemu ambayo risasi huiaga bunduki. Uharibifu unaonisikitisha kuliko yote ni wa fundi mwenye nia njema anayepiga msasa kitako na chuma, akafuta alama za kiwanda, kisha akapaka vanishi inayong'aa. Mwenye mali huiona imekuwa mpya, ilhali mkusanyaji huona kwamba thamani yake imeondoka na vumbi la msasa.

Baada ya hayo, iko kauli nyingine inayofuatana na ile ya gobore: kwamba .22 ni ya kupigia ndege tu, kwa hiyo haina hatari. Risasi hiyo ndogo huua mtu, na ikipigwa juu huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Ikipigwa kwa pembe ndogo juu ya maji hudunda na kuendelea na safari upande usiotarajiwa, na kwenye ziwa letu upande huo una mitumbwi ya wavuvi wa dagaa. Wala si silaha ya kumkabili kiboko au mamba, gramu 2.6 za risasi laini humjeruhi tu mnyama wa namna hiyo na kuwaachia wengine hatari yake.

Sheria haijali kama bunduki ni ndogo au kongwe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, .22 ya marehemu ni silaha kama nyingine, na leseni iliyokuwa na jina la mzee haihamii kwa mwanawe kwa kuwa tu amerithi shamba. Anayeikuta kwenye sanduku aripoti kituo cha polisi kabla ya kuita fundi, na kabla ya kuuliza bei ambayo wakusanyaji wa Marekani hulipa, kwa maana mnunuzi wa hapa ni lazima naye awe na kibali.

Anayesema gobore kwa kila bunduki kuukuu hana nia mbaya. Amelipokea neno jinsi alivyolisikia nyumbani. Ninachomwomba ni kwamba, mara afisa mwenye mamlaka atakapoikagua na kuhakikisha haina risasi, atazame mambo matatu: kama nyuma inafunguka kwa bolti, kama ndani ya mtutu kuna mifereji, na kama juu ya chuma pameandikwa .22. Akiyakuta, basi aiite .22 ya bolti, na neno gobore aiachie ile inayojazwa mdomoni.