Saratani ya koo: si lazima uchague kati ya uhai na sauti

Dhana: Saratani ya koo ikishakukuta, zoloto (kisanduku cha sauti kilicho kooni) litaondolewa lote na hutasema tena.

Ukweli: Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi zamani. Mwaka 1991 madaktari wa hospitali za maveterani nchini Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 332 wenye saratani ya zoloto iliyokomaa. Baada ya miaka miwili, asilimia 68 walikuwa hai katika kila kundi, waliotolewa zoloto na waliotibiwa kwa dawa za kemo na mionzi. Na katika kundi hili la pili, asilimia 64 walikuwa bado na zoloto lao. Siku hizi uvimbe mdogo huweza kukatwa kwa leza kupitia mdomoni, shingo isiguswe kisu.

Dhana: Ukiandikiwa mionzi baada ya upasuaji, ujue upasuaji ulishindwa.

Ukweli: Hili huwavunja moyo wagonjwa bure. Nyama iliyokatwa hupimwa kwa hadubini. Chembe za saratani zikionekana kwenye kingo za mkato, kandokando ya neva, au zimetoboa ganda la tezi za shingo, mionzi huongezwa kufuata mabaki ambayo jicho la mpasuaji haliwezi kuyaona. Kwa kawaida huanza ndani ya wiki sita, na mara nyingi ni vipindi 30 hivi, siku tano kwa wiki. Tafadhali usivikatize. Uvimbe wa mwanzo kabisa, kwa upande mwingine, mara nyingi hutosheka na tiba moja; kuongeza ya pili bila sababu ni kumwongezea mtu ukavu wa mdomo na makovu.

Dhana: Anayepigwa mionzi asikaribie watoto.

Ukweli: Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mpakate mtoto wako.

Dhana: Kubakiza zoloto ni bora siku zote.

Ukweli: Zoloto lisiloweza kuzuia chakula kisiingie mapafuni ni hatari. Saratani ikishatafuna gegedu (mfupa laini) la zoloto, kuliondoa lote huenda ndiyo busara, na wengi hujifunza kusema tena kwa msaada wa vali ndogo kati ya koo la hewa na umio (mrija wa chakula). Anayebaki nalo naye ana kazi: meno yakaguliwe kabla ya mionzi, sigara iachwe, na mazoezi ya kumeza yaanze mapema, kabla koo halijaanza kuuma.