Kadi mbili za mtandao ndani ya Linux: ugomvi si wa vifaa kila mara

“Kadi mbili haziwezi kutumia IRQ moja.” IRQ ni namba ya laini ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa. Enzi za kadi za ISA (mfumo wa zamani wa kuchomeka kadi kwenye kompyuta) kama NE2000 ilikuwa hivyo, na fundi alihamisha vijipini kwenye kadi mpaka apate namba isiyo na mwenyewe. Kadi za PCI, mfumo uliofuata, ziliundwa zigawane IRQ, na za PCI Express kwa kawaida hutumia MSI, yaani hutuma ujumbe badala ya kutegemea waya wa pamoja. Ushauri wa kuzima kadi ya sauti kwenye BIOS ili ya mtandao ipumue bado unazunguka. Uache uzunguke.

“Nimeongeza kadi, ya zamani imekufa.” Pengine imebadili jina tu. Tangu toleo la 197 la systemd (programu inayosimamia uwashaji na huduma za Linux) la mwaka 2013, jina hutokana na mahali kadi ilipokaa: enp3s0 iko kwenye basi (njia ya data ya PCI) namba 3. Ukichomeka kadi nyingine, namba hizo zinaweza kusogea, ikawa enp4s0, huku mipangilio yako ikiita jina la jana. Amri ya `ip link`, inayoonyesha majina ya sasa, hulimaliza hilo papo hapo.

“Haishiki mtandao, hiyo mbovu.” Endesha `lspci -nnk`. Kadi ikiorodheshwa bila mstari wa “Kernel driver in use”, shida ni draiva (programu inayoiendesha kadi), soma `dmesg`, yaani kumbukumbu za kerneli. Isipoorodheshwa kabisa, sasa shika bisibisi.

“Nikichomoa moja, nyingine inapona, kwa hiyo zinagombana.” Hapa hata mafundi wazoefu hupotea, maana dalili zinafanana kabisa na ugomvi wa vifaa. Chukua kadi zenye 192.168.1.10 na 192.168.1.11, zote kwenye swichi moja. Linux huihesabu anwani ya IP kuwa mali ya kompyuta nzima, si ya kadi, hivyo kadi ya kwanza inaweza kujibu ARP (swali la “nani ana IP hii?”) kwa niaba ya mwenzake. Mashine za jirani zinashika MAC (anwani ya kadi yenyewe) isiyo ya kadi yenye IP hiyo, na mawasiliano yanakuja na kupotea. Tenganisha mitandao, au ziunge kadi kwa bond zifanye kazi kama moja, au kwa `sysctl` weka arp_ignore kuwa 1 na arp_announce kuwa 2.

Wa Wi-Fi nao wana yao. NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho, huupa waya metric (namba ya kipaumbele cha njia) 100 na Wi-Fi 600, na ndogo ndiyo hushinda. Waya wa swichi isiyo na intaneti, ukipewa lango na DHCP (huduma inayogawa anwani), unainyang'anya Wi-Fi njia. `ip route` itaonyesha mistari miwili ya default; kwenye muunganisho wa waya weka `ipv4.never-default yes`, kisha uuwashe upya.