Dang'a si maziwa machafu
Wafugaji wengi bado humwaga dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, wakidai yanamharisha ndama. Ukweli ni kinyume. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na magonjwa, hivyo ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Kinga ya kwanza huipata humo humo kwenye dang'a. Utumbo wake huzipitisha kingamwili zikiwa nzima hadi kwenye damu, ila uwezo huo hushuka saa baada ya saa, na zikifika saa 24 umekwisha. Ndama wa kilo 40 apewe lita 4 hivi, sehemu kubwa ndani ya saa 6 za kwanza. Hawezi kusimama? Kamua, umnyonyeshe kwa chupa. Kungoja kondo lidondoke kwanza, ushauri mwingine wa vijiweni, ni kumpotezea saa zake bora.