Ridhaa katika kufuatilia simu ni nini hasa?

Tunapozungumzia kufuatilia simu ya mtu, ridhaa ni ruhusa anayoitoa mwenye simu mwenyewe, kwa hiari yake, akijua nani atapata taarifa za mahali alipo, kwa kazi gani na mpaka lini, na akiwa na uwezo wa kuiondoa wakati wowote. Likikosekana moja kati ya hayo, kinachobaki ni amri, ujanja au mazoea tu.

Wengi wanaamini kuna setelaiti huko juu inayowachungulia. Setelaiti za GPS, zilizo takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, hazijui hata kama upo. Zinarusha mawimbi yenye saa na mahali zilipo zenyewe. Simu inayapokea na kupiga hesabu iko wapi. Siri huvuja baada ya hapo, pale programu iliyomo ndani ya simu inapochukua jibu la hesabu hiyo na kulipeleka kwingine, tena kwa bando lako. Minara ya mtandao ni habari nyingine. Ili simu yako iite, kampuni lazima ijue uko karibu na mnara upi, kwa hiyo hata kitochi kisicho na intaneti kinaacha nyayo. Hilo hulizimi kwa kuzima lokesheni kwenye mipangilio, labda uiweke simu kwenye hali ya ndege au uizime yenyewe.

Ridhaa iliyokamilika unaweza kuiona ndani ya WhatsApp. Ukituma lokesheni inayokwenda nawe, unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, unamchagua wa kuiona, na unaweza kuikata kabla muda haujaisha. Dada akipanda bodaboda usiku na kumtumia kaka yake ya saa 1, hakuna la kubishania. Kaka huyohuyo akiichukua simu ya dada iliyoachwa mezani, akaweka programu ya siri, amemvamia, hata kama nia yake ni ileile ya kumlinda.

Kwenye ndoa ndiko mambo yanakokuwa magumu. “Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?” Swali hilo linaua hiari kabla jibu halijatoka, maana anayekataa ameshahukumiwa. Na mke aliyempa mumewe nywila zamani za uchumba hajasaini mkataba wa maisha. Huko Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeziacha nje shughuli za mtu binafsi ndani ya familia, na wapo wanaodhani hapo wamepata mwanya. Wanasahau kwamba kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya makosa ya mitandao ya 2018.

Kampuni nazo zina ujanja wake. Mwezi Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba watumiaji wa Google waliozima historia ya mahali bado walikuwa wakirekodiwa, kwa sababu kulikuwa na mpangilio mwingine, wenye jina lisilotaja mahali kabisa, uliobaki umewashwa. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza shauri hilo. Watu walikuwa wamebonyeza “kubali”, ndiyo. Walikubali nini, hawakujua.

Usitulizwe sana na ahadi kwamba taarifa zako zinatunzwa bila jina. Mwaka 2013 watafiti walichambua mienendo ya simu za watu milioni 1.5, majina yameondolewa, wakakuta nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 yao. Ukifikiri kidogo, si ajabu: ni wangapi wanaolala unapolala na kushinda unaposhinda?

Kazini, hiari huwa nyembamba. Dereva anayeambiwa asakinishe programu ya kufuatiliwa au aache funguo atakubali tu. Kufuatilia gari la kampuni saa za kazi kuna sababu zake, na mara nyingi mwajiri anaweza kuegemea mkataba badala ya ridhaa. Kuendelea kumfuatilia dereva kupitia simu yake Jumapili akiwa kanisani ni jambo jingine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ile ya Kenya inatamka kwamba ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye ufahamu, na mtu ana haki ya kuiondoa wakati wowote. Mwajiri akidai dereva aliridhia, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri.