Jigso Ndogo ya Betri: Shika Bledi Kwanza, Volti Baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu jigso ndogo ya betri, yaani ule msumeno wa mkono wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, huanza na volti: ninunue ya 12 au ya 18? Mimi huwaomba kwanza wachomoe betri, wafunge bledi, halafu washike ncha yake kwa vidole viwili na kuisukuma polepole kushoto na kulia. Bledi yenyewe ni chuma chembamba, lazima ijipinde kidogo, kwa hiyo usiitazame hiyo. Macho yawe pale juu, kwenye fimbo inayoibeba bledi ikipanda na kushuka. Fimbo ikitikisika ndani ya mashine, jigso hiyo itakupa mikato iliyopinda kila siku, na betri kubwa haitaisaidia.

Kazi zangu nyingi ni ndogo: rafu za ukutani, fremu, vichezeo vya watoto, migongo ya viti yenye tao, plaiwudi ya kuanzia mm 6 hadi 18, na mbao laini zisizozidi mm 25. Kwa kazi hizo jigso kubwa ninayo, lakini siku hizi inakaa sana. Ile ndogo ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, mkono wangu unakuwa karibu na mstari, na hakuna waya wa kukwama kwenye ukingo wa meza katikati ya tao. Anayekata mikato ya mviringo anajua waya ukivutwa kidogo tu unaacha alama ambayo msasa hauifuti.

Ukitaka kuelewa kwa nini ninaipa fimbo uzito kuliko nguvu, rudi kwenye asili ya mashine yenyewe. Mwaka 1946 Albert Kaufmann, mhandisi wa kampuni ya Scintilla nchini Uswisi, alichomoa sindano ya cherehani ya mkewe na kuweka bledi ya msumeno mahali pake. Mwaka uliofuata Scintilla ikaanza kuuza jigso ya mkono kwa jina la Lesto. Hadi leo mambo ya ndani hayajaenda mbali na cherehani: mota inazungusha gia, gia inageuza mzunguko kuwa kupanda na kushuka, na bledi imeshikwa upande mmoja tu, kama sindano. Lakini kitambaa hakiisukumi sindano kama mbao inavyoisukuma bledi. Kila fundo na kila mshipa wa mbao uliokwenda mshazari unaivuta bledi pembeni, na ncha ya chini, ambayo haikushikwa na kitu, inafuata. Msumeno wa fremu wa mkono hauna shida hiyo kwa sababu bledi yake imekazwa pande zote mbili. Jigso haina bahati hiyo, kwa hiyo kile kidogo kinachoishika lazima kishike sawasawa.

Baada ya fimbo, tazama kigurudumu kidogo chenye mfereji kilicho nyuma ya bledi. Mgongo wa bledi unapaswa kukaa ndani ya mfereji huo bila kulegea na bila kubanwa. Hicho ndicho tegemeo lake pekee karibu na mbao.

Sasa urefu wa mpigo, yaani umbali ambao bledi inapanda na kushuka. Hapa ndipo jigso ndogo na kubwa zinapotengana kwa kweli, kuliko hata kwenye volti. Nyingi za 12 zina mpigo wa mm 18 hadi 20; nyingi za ukubwa kamili zina mm 26. Tofauti ya milimita chache inaonekana ndogo mpaka ufikirie kinachotokea ndani ya mbao. Jino la bledi linakwangua unga wa mbao na kuubeba kwenye pengo lililo mbele yake, kisha linautoa nje linapochomoza juu ya uso wa mbao. Kwenye plaiwudi ya mm 12, kwa mpigo wa mm 18, kila jino linaloigusa mbao linachomoza nje na kuutoa unga. Kwenye ubao wa mm 40, jino lililo katikati halichomozi juu wala chini. Linasugua unga uleule huku na huku, joto linapanda, mbao inaungua, nawe unaanza kusukuma kwa sababu mashine imepunguza mwendo. Ukisukuma tu, bledi inapinda.

Somo hilo nililipata kwenye ubao mgumu wa mm 40, nikikata tao la mguu wa meza kwa jigso ndogo. Kwenye kasha iliandikwa kwamba inakata mbao hadi mm 70, nami nikaliamini andiko. Kwa juu nilifuata mstari vizuri mno. Nilipoligeuza, upande wa chini ulikuwa umetoka nje ya mchoro kwa zaidi ya mm 4, na nikatumia jioni nzima kuurudisha kwa patasi na tupa. Namba ya kashani haikusema uongo, mbao ilikatika kweli. Haikusema tu kwamba ingekatika wima. Tangu hapo kipimo changu kwa jigso ndogo ni mm 25 kwa mikato ya tao na mm 30 kwa mikato iliyonyooka kwenye mbao laini. Zaidi ya hapo nachukua mashine nyingine.

Turudi kwenye volti. Betri inayoitwa ya 12 ina seli tatu za lithiamu, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida, jumla 10.8, hufika 12 ikiwa imetoka tu kwenye chaja. Ya 18 ina seli tano, na ile inayouzwa kama ya 20 ni seli tano zilezile zikihesabiwa zikiwa zimejaa. Ukitaka kujua nishati iliyomo, zidisha volti kwa ampea-saa: 10.8 mara 2 ni wati-saa 21.6, na 18 mara 4 ni 72. Kwa hiyo betri kubwa ina nishati zaidi ya mara tatu, hilo sibishani nalo. Lakini kwa kazi nyepesi betri ndogo mbili zinatosha, moja kazini na nyingine kwenye chaja, na mashine inabaki na mizani. Ukiifunga betri ya seli kumi, yaani safu mbili za zile tano, kwenye jigso ndogo, unabeba karibu nusu kilo ya seli peke yake, na uzito huo huning'inia nyuma. Kitako, lile bamba la chini linalolala juu ya mbao, kinataka kuinuka mbele, mkono unafanya kazi ya kukishusha badala ya kuongoza. Kama tayari una drili ya betri ya aina fulani, basi sababu ya kununua jigso inayotumia betri hiyohiyo ni nzuri kuliko hoja yoyote ya volti. Ila fimbo iwe imepita ule mtihani wa vidole.

Mota isiyo na kaboni, zile brashi zinazosugua ndani ya mota, inadumu, haipotezi nishati nyingi kwa joto, na inafaa ukiweza kuimudu. Ya kaboni si mbaya kwa mtu anayekata mara moja kwa wiki.

Kuhusu mshiko, kuna aina mbili na watu wana misimamo mikali. Moja ina mkono juu, kama pasi, na swichi ya kubonyeza kwa kidole ambayo kadiri unavyobonyeza ndivyo kasi inavyopanda. Nyingine haina mkono. Unashika mwili wa mota wenyewe, na swichi ni ya kusukuma. Mimi ni wa hii ya pili, bila kusita, kwa kazi za tao. Kiganja kinashuka karibu na mbao, na kadiri mkono ulivyo chini ndivyo unavyopungua uwezekano wa kuilaza mashine pembeni bila kujua. Isitoshe, unaweza kuigeuza na kukata kutoka chini ya ubao, bledi ikichomoza juu mbele ya macho yako. Mstari unauona wazi, na unga unavutwa chini badala ya kuufunika mchoro. Lakini anayeanza kabisa huenda akaipenda zaidi ile ya mkono wa juu, kwa sababu swichi ya kidole inamruhusu kuingia kwenye mbao taratibu. Ile ya kusukuma inaanza kwa kasi uliyoipanga kwenye gurudumu la kasi. Kama unatumia mkono wa kushoto, hakikisha kidole gumba chako kinaifikia swichi kuizima. Nyingine zimewekwa upande mmoja tu.

Utakuta pia kitufe chenye namba 0 hadi 3. Hicho ni cha mwendo wa pendulamu: bledi haipandi na kushuka tu, inasukumwa mbele inapopanda ili iume mbao, na kurudi nyuma inaposhuka. Kwenye 3 inakata mbao laini upesi na kuacha ukingo wenye manyoya. Kwenye 0 inakwenda polepole na safi. Kwa tao, kwa plaiwudi yenye vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri juu yake, na kwa chuma chembamba, mimi niko kwenye 0 karibu siku zote. Jigso isiyo na kitufe hiki kabisa isikukatishe tamaa kama kazi zako ni hizo.

Bledi ndiyo nusu ya ununuzi, na watu huifikiria mwisho. Chagua mashine inayochukua bledi zenye shina la umbo la T, maana ndizo zinazopatikana kwa aina nyingi, na inayofungua na kufunga bila kuhitaji bisibisi. Kisha jifunze kusoma maandishi yaliyo kwenye shina. T101B ni ya mkato safi ulionyooka kwenye mbao. T101AO ni nyembamba na ina meno madogo. Ile O inaonyesha mgongo uliopunguzwa ili ipite kwenye kona kali. T144D ina meno makubwa ya kukata upesi bila kujali sura. T118A ni ya chuma chembamba. Kwa kazi nyepesi, pakiti moja ya T101B na moja ya T101AO zinafunika karibu kila kitu. Usijaribu kupitisha T101B kwenye tao dogo. Bledi pana haiwezi kugeuka kwenye njia iliyoikata yenyewe, itabanwa, itapinda, na utailaumu mashine. Kona ikiwa kali hata kwa T101AO, kata kwanza mikato mifupi kutoka ukingoni hadi kwenye mstari, ili vipande vianguke kimoja kimoja na kuiachia bledi nafasi.

Bledi ya kawaida inakata inapopanda. Kwa hiyo uso wa juu ndio unaochanika na uso wa chini unatoka safi. Chora upande wa nyuma, uso mzuri ulale chini. Kama huna budi kukata uso mzuri ukiwa juu, kuna T101BR ambayo meno yake yameelekezwa chini. Itaacha juu safi, ila mashine inataka kuruka, hivyo ibane chini kwa nguvu. Msaada mwingine ni kipande kidogo cha plastiki kinachochomekwa kwenye kitako pembeni mwa bledi ili kushikilia nyuzi za mbao zisiinuke. Uliza kama kimo kwenye kasha. Kimo mara nyingi, na mara nyingi watu hukitupa wakidhani ni sehemu ya kifungashio.

Kitako chenyewe kiwe tambarare. Kiweke juu ya kioo na ubonyeze kona, kikicheza, usiinunue mashine hiyo. Uwezo wa kukilaza hadi nyuzi 45 utausikia ukisifiwa, lakini mkato wa kulala ndio unaoipinda bledi kuliko yote, na sijauhesabu kuwa sababu ya kuchagua jigso.

Taa na kipuliza unga vinasaidia kweli, hasa kipuliza, maana mstari usioonekana haufuatwi. Miwani, kinga ya masikio na barakoa havina mjadala. Na kila unapobadili bledi, betri nje, hata kama ni ya sekunde tano. Iache bledi isimame kabisa kabla ya kuiinua kutoka kwenye mbao, la sivyo ncha itagonga juu ya ubao na kupinda.

Ukishaifikisha mashine mezani, kabla ya kazi yoyote ya maana, chukua kipande cha mbao cha mm 18, kibane, ukikate katikati kwa T101B, pendulamu ikiwa 0, bila kusukuma. Weka vipande viwili juu ya meza kama vilivyokuwa, halafu pindua kimoja tu, chini kiwe juu, na uvisogeze kingo za mkato zigusane. Kama bledi iko wima, kingo zitalala pamoja. Kama imelala, utaona mwanya wa umbo la kabari, na mwanya huo unaonyesha kosa mara mbili ya lilivyo, ndiyo maana njia hii inashinda skwea ndogo kwa macho yangu. Legeza skrubu ya kitako, kisogeze nusu ya unachokiona, kaza, kata tena.