Mstari mweupe ukingoni si kosa la kukata

Wiki hii nimeletewa tena. Mhusika wa kike wa animesheni ya vipande, nywele za kusokota, amesimama mbele ya anga la usiku, na kichwa kizima kimezungukwa na uzi mweupe. Ujumbe ulioambatana na faili ni uleule ninaoupokea kila mara: "Nimejitahidi kufuta mandharinyuma, naona bado sijui kukata." Ushauri aliopewa na wenzake nao ni uleule: punguza ukingo pikseli moja kwa ndani. Akapunguza. Michoro 64, mmoja baada ya mwingine. Uzi ulipungua kidogo lakini haukuisha, wino wa mchoro ukakonda, na zile nywele ndogo zinazochomoza juu ya sikio zikapotea kabisa.

Alikuwa amekata vizuri. Inaniuma kuona mtu anaharibu kazi yake mwenyewe kurekebisha kosa ambalo hakulifanya, kwa hiyo safari hii naandika kwa kirefu, ili anayeniuliza kesho nimpe hiki asome.

Kwanza tumalize yaliyo mepesi. Kama picha yako ni JPEG, haina uwazi wowote, hata uibadilishe jina. Kama ni GIF, kila pikseli ama inaonekana ama haionekani, hakuna nusu, na kingo zitakuwa na meno. Tumia PNG, au TIFF, au EXR kama mnafanya kazi nzito. Michoro yote ya mhusika mmoja ihamishwe (Export) kwa ukubwa uleule wa turubai, la sivyo atarukaruka kila fremu inapobadilika. Hayo yametosha.

Sasa imani yenyewe. Watu wanaamini kwamba pikseli isiyoonekana ni tupu. Si tupu. Kila pikseli ina namba nne: nyekundu, kijani, bluu na alfa, yaani kipimo cha jinsi pikseli inavyoonekana. Alfa ikiwa sifuri, zile namba tatu bado zipo ndani ya faili, na zinaweza kuwa nyeupe, nyeusi, au rangi yoyote iliyoachwa na programu iliyohifadhi. Chukua PNG yako yoyote, iambie programu ipuuze alfa, uone kinachojitokeza pale ulipodhani hakuna kitu. Mara nyingi ni ubao mweupe mtupu. Mara nyingine ni mabaki ya michirizi uliyoifuta wiki iliyopita.

Lakini tatizo kubwa haliko kwenye pikseli zisizoonekana. Liko kwenye zile zinazoonekana nusu, zile mbili tatu za ukingoni zinazofanya mchoro uwe laini. Tuchukue moja tu. Nguo nyekundu, rangi yake ni 200, 0, 0, na pikseli hii ya ukingoni ina alfa ya nusu. Kuna njia mbili halali za kuiandika kwenye faili. Ya kwanza inaandika rangi kamili, 200, 0, 0, kisha alfa nusu, na kumwachia anayesoma azidishe mwenyewe. Ya pili inazidisha kabla ya kuhifadhi: 100, 0, 0, alfa nusu. Njia ya kwanza menyu nyingi huiita Straight, ya pili Premultiplied. Mimi nasema alfa isiyozidishwa na alfa iliyozidishwa, maana ukiielewa kwa jina hilo huisahau.

Weka pikseli hiyo juu ya bluu nzito ya usiku, 0, 0, 40. Jibu sahihi ni 100, 0, 20. Sasa faili limezidishwa tayari, lakini programu inadhani halijazidishwa. Inazidisha tena, unapata 50, 0, 20, yaani ukingo wenye giza. Geuza: faili halijazidishwa, programu inadhani limezidishwa. Inaongeza 200 nzima bila kuizidisha kwa alfa, unapata 200, 0, 20, na ukingo unawaka kama umepigwa taa kwa nyuma.

Na ule uzi mweupe? Huo ni mtoto wa tatu. Programu ya kuchorea imechanganya ukingo na karatasi nyeupe (255, 255, 255) iliyokuwa chini yake, kisha ikahifadhi mchanganyiko huo pamoja na alfa. Pikseli yetu sasa ni 228, 128, 128. Hiyo ni waridi, si nyekundu tena. Ukiisoma kama isiyozidishwa juu ya usiku ule, unapata 114, 64, 84 badala ya 100, 0, 20. Weupe wa karatasi umesafiri ndani ya pikseli mpaka kwenye anga lako. Ndiyo maana kupunguza pikseli moja hakusaidii: ukingo laini una upana wa pikseli kadhaa, na kila moja imebeba kipimo chake cha karatasi.

Tiba yake iko kwenye mipangilio ya kufasiri picha, pale unapoingiza faili. Chagua iliyozidishwa, kisha taja rangi iliyokuwa nyuma, yaani nyeupe. Programu inayojua kazi hiyo itaondoa nusu ya weupe, itagawanya kwa alfa, na nyekundu yako itarudi. Kama programu yako haina chaguo hilo, rudi kwenye faili la asili, zima safu ya karatasi, uhamishe upya. Usishike kifutio.

Kuna wanaosema basi alfa iliyozidishwa ni faili bovu, waifute duniani. Hapana. Chaneli ya alfa ilibuniwa na wataalamu wa picha za kompyuta Alvy Ray Smith na Ed Catmull mwishoni mwa miaka ya 1970, na Thomas Porter na Tom Duff walipoandika hesabu za kupandanisha picha, yaani kuweka moja juu ya nyingine, mwaka 1984 walichagua rangi iliyozidishwa kwa sababu nzuri: hesabu inakuwa fupi, na picha inapunguzwa au kuzungushwa bila kuchafuka. Kanuni za PNG, iliyotoka mwaka 1996, zinataka rangi isiyozidishwa. EXR inataka iliyozidishwa. TIFF inakubali zote mbili na ina sehemu ya kutaja ni ipi, kama aliyehifadhi alijali kuijaza. Hakuna mbovu kati yao. Ubovu ni kutoambiana.

Hapo kwenye kuzungusha nikae kidogo, maana kuna wanaofuata yote hayo na bado wanaona uzi. Faili ni safi, limesomwa sawasawa, mhusika akisimama wima hakuna kasoro, akiinua mkono uzi unatokea kwenye kiwiko. Programu inapozungusha mkono inachanganya pikseli jirani. Ikichanganya rangi ambazo hazijazidishwa, pikseli ya ukingoni inavuta rangi ya jirani yake asiyeonekana, na jirani huyo, kama tulivyoona, mara nyingi ni mweupe au mweusi. Dawa ni kusambaza rangi ya ukingo kwa nje, chini ya eneo lisiloonekana, pikseli kadhaa kuzunguka mchoro mzima. Alfa haiguswi, umbo halibadiliki, lakini jirani sasa ni mwekundu kama nguo. Wanaotengeneza michezo ya kompyuta wamezoea kufanya hivi siku zote. Kwetu wa animesheni ya vipande wengi hawajawahi hata kusikia.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia juu juu. Ule ugawanyaji wa kuondoa weupe haurudishi kila kitu. Kwenye picha ya biti 8, ambayo kila namba huanzia 0 hadi 255, pikseli yenye alfa 10 kati ya 255 iliyozidishwa ina ngazi 11 tu za kila rangi. Ukigawanya, kosa dogo linakuzwa zaidi ya mara 25, na moshi mwepesi au ncha za nywele hutoka na madoa ya rangi ambayo hukuyachora. Hapo mimi huacha hesabu na kuomba faili la asili.

Moto na mwanga vinanisumbua zaidi. Mwanga unaongeza rangi bila kufunika kilicho nyuma, kwa hiyo kwenye picha iliyozidishwa unaweza kuwa na rangi huku alfa yake ni sifuri, na ni halali kabisa. Uhamishe kwenda PNG, mwanga unakufa, maana huwezi kugawanya kwa sifuri. Bado sijapata njia moja ninayoiamini. Kwa kawaida nauhifadhi mwanga kwenye picha yake peke yake, juu ya nyeusi, na kuupandanisha kwa kujumlisha.

Kitufe cha kubahatisha, kinachoiachia programu ikisie kama faili limezidishwa au la, nacho nimekiona kikikosea mara nyingi mno, hasa mchoro ukiwa na kingo chache laini. Nafanya hivi: naweka safu nyeusi nyuma, kisha nyeupe. Uzi ukionekana juu ya nyeusi na kutoweka juu ya nyeupe, karatasi nyeupe imo ndani. Ukionekana mweusi juu ya nyeupe na kupotea juu ya nyeusi, faili limezidishwa na mimi nalisoma vibaya. Ukiwaka kotekote, nimegeuza upande wa pili. Na yapo mafaili, hasa yaliyopita mikono mitatu, ambayo hayakai sawa kwa chaguo lolote, kwa sababu mmoja alizidisha na mwingine akazidisha tena. Hayo nachagua kwa jicho, na sijawahi kuridhika nayo.

Yule wa nywele za kusokota alikuwa bado na michoro yake ya kwanza, kabla ya kupunguza ukingo. Tumeiingiza upya yote 64, iliyozidishwa, nyuma nyeupe. Uzi haupo, na zile nywele juu ya sikio zinaonekana moja moja mbele ya anga.